Sonona katika Riwaya za Kezilahabi: Ugonjwa Uliosomwa kama Hoja

Utangulizi

Katika riwaya mbili za mwanzo za Euphrase Kezilahabi, wahusika wakuu wote wawili wanajiua. Rosa, binti wa Zakaria na Regina, anafanya hivyo katika Rosa Mistika (1971). Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anafanya hivyo katika Kichwamaji (1974). Mwandishi wao, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1944, alifariki dunia Januari 2020 baada ya kufundisha kwa miaka mingi Dar es Salaam na Botswana, lakini mjadala juu ya vifo hivyo viwili haukuzikwa pamoja naye. Wanafunzi wangali wanaulizwa kwa nini Rosa alijiua na kwa nini Kazimoto alijiua, na majibu yangali yanakuja kwa mafungu yale yale matatu.

Fungu la kwanza ni la wanaohakiki kwa kipimo cha maadili. Kwao Rosa ni onyo kwa wasichana na kwa wazazi: malezi ya fimbo yamezaa ukaidi, ukaidi umezaa ufuska, na ufuska umelipwa kifo. Fungu la pili, lililokuwa na nguvu zaidi katika miaka ya 1970 na 1980, ni la wanaohakiki kwa kipimo cha jamii na matabaka. Kwao Kazimoto ni msomi aliyekatwa mizizi, asiyekuwa na nafasi kwa wakulima wala kwa watawala wapya; na mwandishi mwenyewe alishutumiwa kwamba alieneza ukataji tamaa wakati ambapo taifa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, lilitaka fasihi ya kujenga. Fungu la tatu ni la wanaohakiki kwa kipimo cha falsafa. Hawa humwona Kazimoto kama ndugu wa wahusika wa Albert Camus, ambaye katika insha yake ya 1942 juu ya Sisyphus alilifanya suala la kujiua kuwa swali la kwanza la falsafa. Kwao kifo cha Kazimoto ni jibu la swali hilo.

Mafungu haya hugombana, lakini yanakubaliana juu ya jambo moja ambalo halijachunguzwa vya kutosha. Yote huchukulia kwamba kujiua ni hoja: ama hoja ya maadili, ama ya tabaka, ama ya falsafa. Ni nadra mhakiki kuuliza swali ambalo jirani yeyote mwenye huruma angeliuliza kwanza, yaani kama mtu huyu alikuwa mgonjwa. Makala hii inakusudia kuuliza swali hilo. Inashikilia kwamba riwaya hizi mbili zinachora, kwa njia mbili tofauti, ugonjwa wa moyo na fikira ambao siku hizi matabibu wengi wa Kiswahili huuita sonona. Na kwamba sababu kubwa ya wasomaji kutouona imo ndani ya fani yenyewe, hususan katika nafsi ya usimulizi. Katika Rosa Mistika msomaji amewekwa nje mno, na katika Kichwamaji amewekwa ndani mno.

Sonona ni nini

Ni lazima kwanza kutenganisha sonona na huzuni ya kawaida, kwa kuwa uhakiki mwingi huzichanganya. Mwongozo wa Chama cha Waganga wa Akili wa Marekani, katika toleo lake la 2013, unataja dalili tisa: moyo mzito karibu siku nzima, kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakipendeza, mabadiliko ya uzito au ya hamu ya chakula, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, mwendo na usemi kuzorota au mwili kukosa utulivu, uchovu, kujiona si kitu au kujilaumu pasipo kiasi, kushindwa kufikiri na kuamua, na kuwaza kifo mara kwa mara. Mtu akiwa na tano kati ya hizo kwa muda usiopungua majuma mawili, na mojawapo ikiwa kati ya mbili za kwanza, huhesabiwa kuwa ana sonona. Sonona ina ndugu zake. Ipo ile isiyo kali lakini sugu, inayokaa na mtu miaka miwili au zaidi hata akadhani kwamba hiyo ndiyo tabia yake. Upo pia ugonjwa wa kupanda na kushuka, ambapo mgonjwa huchangamka kupita mipaka, asilale wala asichoke, kisha akaporomoka.

Kwa mhakiki wa fasihi, mchango wenye manufaa zaidi ni wa Aaron Beck, aliyeeleza mwaka 1967 kwamba mwenye sonona huhukumu vibaya mambo matatu kwa pamoja: nafsi yake, ulimwengu unaomzunguka, na mustakabali. Jambo moja baya linapomtokea, halibaki kuwa jambo moja. Hugeuzwa kuwa sheria ya maisha yote. Mawazo hayo humjia mgonjwa yakiwa na sura ya ukweli mtupu. Hayamwambii kwamba yeye ni mgonjwa. Humwambia kwamba hatimaye ameona mambo yalivyo. Hapa ndipo ugumu wa kuisoma sonona katika fasihi unapoanzia, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huvaa nguo za hekima.

Daktari wa Mathari na mhakiki

Huenda msomaji akasema kwamba kipimo hiki ni cha Wazungu na hakifai kwa wahusika wa Ukerewe. Pingamizi hilo lina historia yake, na historia hiyo ilianzia hapa Nairobi. J. C. Carothers alisimamia hospitali ya akili ya Mathari tangu 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha waraka wake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Katika kitabu hicho alishikilia kwamba sonona ni nadra mno miongoni mwa Waafrika. Sababu hakuitafuta katika hospitali yake, ambayo ilipokea zaidi watu waliokuwa wamesumbua wengine, huku aliyenyamaza pembeni ya nyumba akiachwa huko huko kwao. Aliitafuta katika akili ya Mwafrika mwenyewe, ambaye kwa maoni yake hakuwa na uzito wa wajibu wa nafsi kiasi cha kuweza kujilaumu.

Dai hilo halikudumu. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, ambako watu waliulizwa kwa utaratibu ule ule uliotumika kwa wanawake wa Camberwell, London. Sonona ilionekana kuwa nyingi zaidi vijijini humo kuliko London. Ugonjwa ulikuwapo muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, na kuuliza kwa maneno yanayofahamika na anayeulizwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba uhakiki wa Kiswahili, ambao kwa haki uliukataa ukoloni katika kila fani, ulilipokea dai la Carothers kwa mlango wa nyuma. Haukusema kwamba Mwafrika haugui sonona. Lakini kila mhusika wa Kiafrika alipoonyesha dalili zake, uhakiki ulikimbilia maelezo mengine: ni mwasherati, ni bepari mchanga, ni mfuasi wa falsafa ya Ulaya. Hata wale waliomtetea Kezilahabi walimtetea kwa kumpandisha hadi kwa Camus, kana kwamba uchungu wa kijana wa Ukerewe hauwezi kuwa halali mpaka uwe umepitia Paris.

Moyo, kichwa na msamiati

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya uchungu wa ndani. Lipo neno huzuni, lililo la jumla. Yapo majonzi na simanzi, yanayofuatana na msiba. Ipo jitimai, iliyo huzuni kubwa. Kipo kihoro, ambacho ni pigo la ghafla la kufiwa au kupotelewa. Na upo ukiwa, hali ya aliyebaki pweke, neno ambalo Katama Mkangi alilifanya jina la riwaya yake ya 1975. Mengi ya maneno haya yana mahali pake katika mila. Mwenye majonzi ana matanga, ana arobaini, ana eda, ana watu wa kumpa pole na siku ya kuanua tanga. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi la maombolezo na kuliweka katika habari za maisha yake. Huzuni yake ilipata vina na mizani, na wasomaji wakaipokea kwa kuwa waliijua njia yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Sonona haina matanga. Kitenzi hiki huelekea zaidi kwenye maumivu yanayofanya kazi ndani kwa ndani kuliko kwenye tukio lililoyaleta, na husemwa juu ya mwili kama kinavyosemwa juu ya moyo. Kwa sababu hiyo kinafaa kuliko washindani wake. Mfadhaiko, linalotumika sana katika matangazo ya afya nchini Kenya, limetokana na fadhaa, na fadhaa ni hali ya aliyetaharuki, ilhali mgonjwa wengi wanayemfahamu amenyamaza na kuzama. Msongo wa mawazo unasema juu ya mzigo unaomlemea mtu, lakini mzigo ukitolewa msongo hupungua, na sonona mara nyingi haipungui. Kushuka moyo ni maneno mazuri, ila yanasikika kama jambo la siku moja.

Pamoja na hayo yote, msamiati wa Kiswahili umeyaweka makao ya uchungu moyoni. Moyo ndio unaouma, unaojaa, unaovunjika, unaokuwa mzito. Kichwani mna kazi nyingine: mna akili, hesabu, elimu, na kikiharibika hesabu yake ni wazimu. Msomaji aliyelelewa katika mgawanyo huu hutarajia huzuni isemwe kwa lugha ya moyo. Ikisemwa kwa lugha ya kichwa ataiita falsafa. Ikionyeshwa kwa matendo bila lugha yoyote ataiita tabia mbaya. Hayo mawili ndiyo yaliyozipata riwaya za Kezilahabi.

Rosa akitazamwa kutoka nje

Rosa Mistika inasimuliwa katika nafsi ya tatu. Msimulizi anakwenda upesi, anatazama, anahukumu mara nyingine, na kwa sehemu kubwa anatupa matendo. Zakaria ni mlevi. Anaiona barua ya Charles kwa binti yake, naye anampiga Rosa kipigo kinachokusudiwa kumfunza kwamba mwili wake ni hatari kwa heshima ya nyumba. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, kisha, akiwa mbali na baba, anakwenda upande wa pili kabisa. Chuo cha ualimu cha Morogoro kinakuwa mahali pa wanaume wengi. Baadaye anajirudi, anatulia, anamngojea Charles. Charles anapofahamu kwamba Rosa si bikira, anamkataa. Rosa anajiua.

Ukizisoma habari hizi kwa haraka, funzo la maadili linajitokeza lenyewe, na haishangazi kwamba riwaya iliwahi kupigwa marufuku mashuleni nchini Tanzania huku wahakiki wengine wakiitetea kwa kusema kwamba inafundisha. Waliopiga marufuku na waliotetea walikuwa wakisoma kitabu kile kile kwa namna ile ile. Wote walihesabu matendo ya Rosa.

Lakini yako maswali mawili ambayo hesabu ya matendo haiwezi kuyajibu. La kwanza ni kwa nini Rosa anakufa baada ya kutubu, wala si wakati wa ufuska wake. Kama kifo ni mshahara wa dhambi, mshahara huo umelipwa kwa mtu aliyekwisha kuacha kazi. La pili ni kwa nini neno la mwanamume mmoja liwe na uzito wa kuua. Rosa ana elimu, ana kazi ya ualimu, amekwisha kuachana na wanaume wengi pasipo kufa.

Majibu yanapatikana mtu akiacha kuhesabu matendo na kufuata hukumu moja inayorudiwa. Hukumu hiyo Rosa aliisikia kwanza katika fimbo ya baba: thamani yako yote imo katika mwili wako, nao umekwisha kuharibika. Ufuska wa miaka ya kati haukuivunja hukumu hiyo, uliitii. Anayejiona hana thamani hana cha kulinda. Toba yake nayo haikuivunja, kwa kuwa ilisimama juu ya tumaini kwamba mtu mmoja angetamka hukumu nyingine. Charles anapotamka ile ile ya Zakaria, Rosa hapati habari mpya, anapata uthibitisho. Hapo moja ya dalili tisa zilizotajwa, ile ya kujiona si kitu, inakuwa imetandikwa kutoka mwanzo wa kitabu hadi mwisho wake, nayo imetandikwa na watu wanaompenda.

Kwa hiyo kumwona Rosa kuwa mgonjwa hakuiondolei jamii lawama. Mwaka 1978 George Brown na Tirril Harris, katika kitabu chao juu ya wanawake wa Camberwell, walionyesha kwamba sonona hutokea zaidi pale pigo la maisha linapomwangukia mtu ambaye kinga zake zilikwisha kudhoofishwa, kwa mfano kwa kufiwa na mama utotoni au kwa kukosa mwenzi wa kumwamini. Kezilahabi alikuwa ameliandika jambo lenye umbo hilo hilo miaka saba kabla yao. Zakaria alidhoofisha kinga, Charles alileta pigo. Ufundi wa riwaya uko katika kuwaweka wanaume hao wawili katika miisho miwili ya kamba moja.

Kasoro ya riwaya, ikiwa ni haki kuita kasoro, ni kwamba msimulizi wake hakai na Rosa kimya kimya. Msomaji hapewi usiku wa Rosa, anapewa siku zake. Asiyeona usiku wa mtu ni rahisi kumhukumu kwa mchana wake.

Kazimoto akitazamwa kutoka ndani

Kana kwamba alikwisha kuitambua kasoro hiyo, Kezilahabi alibadili nafsi ya usimulizi katika riwaya yake ya pili. Kichwamaji inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1974 alitoa pia diwani ya mashairi aliyoiita Kichomi, jina la maumivu makali ya kifuani au ubavuni. Majina hayo mawili yanastahili kusomwa pamoja. Diwani imeitwa kwa maumivu ya kifua, mahali pa moyo. Riwaya imeitwa kwa kichwa. Katika usemi wa kila siku kichwa maji ni mtu asiye na akili timamu. Kezilahabi amelichukua neno la dharau, ameliunganisha liwe moja, na kumpa mtu anayefikiri kuliko wote walio karibu naye. Uchungu umehamishwa kutoka kifuani hadi kichwani.

Uhamisho huo ndio ufunguo wa kitabu. Kazimoto hasemi kwa lugha ya majonzi. Anafikiri. Mambo mengi mazito yanampata: dada yake Rukia amepewa mimba na Manase, aliyekuwa mwenzake na sasa ni mkubwa serikalini, vifo vinaiandama familia yake, nia yake ya kulipiza kisasi kwa Sabina, dada wa Manase, inageuka kuwa mapenzi na ndoa, na mtoto wa ndoa hiyo anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Kila moja ya habari hizi ingetosha kumliza mtu. Kazimoto anazigeuza maswali juu ya Mungu, juu ya maana ya kuishi, juu ya kizazi chake. Msomaji anayakuta maswali mengi kuliko machozi, ndipo anapohitimisha kwamba amekutana na mwanafalsafa.

Hapa nadharia ya Beck inasaidia kuona jinsi maswali hayo yanavyofanya kazi. Mwanafalsafa huanza na swali la jumla, akashuka hadi kwenye mifano, na mfano unaopinga hoja yake humlazimisha kurudi nyuma. Kazimoto huanza na jeraha moja na kupanda hadi kwenye jumla, na mifano inayopinga haimrudishi. Mfano mkubwa wa kupinga ni Sabina. Kisasi kilichogeuka kuwa mapenzi ni ushahidi kwamba dunia ina uwezo wa kutoa jambo jema pale lilipopandwa baya. Riwaya imemwekea ushahidi huo nyumbani mwake, lakini hesabu ya jumla ya Kazimoto haibadiliki kwa sababu yake. Mtoto naye, kinyume chake, anapokelewa mara moja kama ushahidi wa mwisho. Kichwa cha mtoto kinakuwa hukumu juu ya nafsi ya baba aliyemzaa, juu ya ulimwengu uliomleta, na juu ya siku zijazo ambazo mtoto ni jina lake la kawaida. Mambo yote matatu ya Beck yamekutana katika kitanda kimoja cha mtoto mchanga.

Msomaji hana mahali pa kusimama aone kwamba hesabu hii imepinda, kwa kuwa anaisikia kutoka ndani. Nafsi ya kwanza humkopesha msomaji macho ya msimulizi, na macho haya yanakosea kwa namna moja tu na kwa uaminifu. Mtu akisoma kurasa nyingi mfululizo kwa macho hayo, mwisho wa Kazimoto huanza kuonekana kuwa wa lazima. Huo ndio ushindi mkubwa wa kisanaa wa Kichwamaji, na ndio ulioleta hasara katika uhakiki. Ulazima unaohisiwa na msomaji ni sehemu ya ugonjwa unaosimuliwa, lakini wahakiki wameuchukua kama matokeo ya hoja.

Lugha za jirani zingeweza kusaidia. Washona wa Zimbabwe wanalo neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, nalo ni jina lao la hali iliyo karibu sana na sonona. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha mwaka 2006 huko Harare mpango wa bibi wazee wanaokaa kwenye benchi na kuwasikiliza wagonjwa, bibi hao walitumia neno hilo wala si la vitabu vya Ulaya. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Waswahili nao husema juu ya mtu kwamba ana mawazo, na kwamba mawazo yatamuua. Mhakiki aliyeukumbuka usemi huo asingekuwa na haja ya kumpeleka Kazimoto Paris. Kazimoto ana mawazo, kwa maana kamili ya usemi huo wa mitaani.

Pingamizi mbili

Inaweza kudaiwa kwamba mhusika si mgonjwa. Ni maneno tu, hana damu ya kupimwa wala usingizi wa kuhesabiwa. Ni kweli, na makala hii haimwandikii mtu dawa. Lakini mhusika huyo huyo hana tabaka la kuandikishwa wala falsafa ya kutetea mbele ya jopo, na bado wahakiki wamempa vyote viwili kwa kufuata dalili zilizomo katika matini. Ikiwa mwanzo wa kitabu hadi mwisho wake zimepangwa dalili za ugonjwa, kuzifuata si kutoka nje ya matini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema kwamba kumwita Kazimoto mgonjwa ni kumnyima haki ya kuwa na hoja, kama watawala walivyozoea kuwaita wapinzani wao wendawazimu. Jibu ni kwamba mgonjwa anaweza kusema kweli. Anayosema Kazimoto juu ya watawala wapya, juu ya elimu inayomtenga mtu na wazee wake, juu ya wanaume wanaowaharibu wasichana wa wenzao, yana ukweli usiopungua kwa sababu msemaji anaumwa. Kilichopinda si ushahidi wake bali hatua ya mwisho, ile inayotoka kwenye kusema kwamba mambo haya ni mabaya na kufika kwenye kusema kwamba hakuna kingine. Mhakiki ana wajibu wa kuipokea sehemu ya kwanza na kuisimamia, na wakati huo huo kuionyesha hatua ya pili kuwa ni hatua, yaani jambo ambalo lingeweza kutokutendeka.

Hitimisho

Jambo hili haliishii katika karatasi za mtihani. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na ni tarehe 9 Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu, Nairobi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Sheria ilikuwa ikisoma kama fungu la kwanza la wahakiki: iliona tendo, ikatafuta adhabu. Mahakama imekwisha kuusoma upya mstari wake. Uhakiki ungali na wake wa kusomwa.

Katika darasa lenye wanafunzi wengi wanaosoma Kichwamaji si ajabu akawemo mmoja anayeisoma kwa macho ya Kazimoto bila kukopeshwa. Mwalimu akimwambia kwamba kifo kile ni jibu la ujasiri kwa upuuzi wa maisha, amempa hoja. Akimwambia kwamba Rosa alivuna alichopanda, amempa hukumu ya Zakaria kwa mara ya tatu. Akimwambia kwamba wahusika hawa walikuwa na ugonjwa wenye jina, unaotibika kwa mazungumzo na kwa dawa, na kwamba mwandishi aliuchora kwa uaminifu wa kutisha, amemwambia lililo kweli juu ya kitabu na juu ya maisha.

Kazi iliyobaki kwa idara za Kiswahili ni mbili. Ya kwanza ni kulithibitisha neno sonona katika mafundisho na katika kamusi, likitofautishwa waziwazi na huzuni, msongo na fadhaa, ili daktari, mwalimu na mgonjwa wawe wakitaja kitu kimoja. Ya pili ni kuzirudia riwaya nyingine kwa swali hili hili, zikiwemo Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo Kezilahabi aliwaacha watu wa Ukerewe na kuingia katika nchi ya ndoto na mafumbo. Kama mtu anayetangatanga humo ni mwanafalsafa, au ni Kazimoto aliyepewa muda zaidi wa kutafuta njia, ni swali lenye kustahili uchunguzi wake wenyewe.